Kiwango Kiko Wazi, Redio Je?

Leo nimekuja na mazungumzo kuhusu redio, ila si hiyo unayonisikilizia. Nazungumzia ile ndogo yenye antena fupi inayoning'inia kiunoni mwa mlinzi wa benki, begani mwa askari wa zimamoto, mkononi mwa mpanga makontena pale bandarini. Tanzania wengi huiita redio koli, Kenya utasikia wokitoki. Mwenye nayo hatafuti namba wala hangoji iite. Anabonyeza kitufe kimoja cha ubavuni, anasema, na wenzake wote wa kundi lake, wawe kumi au mia mbili, wanamsikia papo hapo. Mtandao wa simu ukizidiwa, kama unavyozidiwa usiku wa mwaka mpya au saa ile ajali kubwa imetokea na kila mtu anapiga nyumbani, redio koli inaendelea na kazi, kwa kuwa ina masafa yake na mara nyingi ina mnara wake.

Sasa chukua redio mbili za kampuni mbili tofauti. Zitasikilizana? Kwa simu za mkononi hatuulizi swali hilo. Mwenye Samsung anampigia mwenye Tecno na maisha yanaendelea. Kwenye redio za kazi, swali hilo limekula fedha nyingi, limefikishwa mahakamani, na mara moja limeweka hadharani siri iliyokuwa imefungiwa zaidi ya robo karne.

Zamani za analojia mambo yalikuwa mepesi. Redio mbili za FM ukiziweka kwenye masafa yaleyale zilisikilizana, hata kama moja imetoka Japani na nyingine Marekani, maana sauti ilipanda juu ya wimbi kama ilivyo. Balaa lilianza mashirika makubwa yalipotaka mfumo wenye akili zaidi: chaneli chache, watumiaji mamia, na mtambo katikati unaoamua nani azungumze kwenye chaneli ipi. Kila kampuni ikabuni lugha yake ya kuzungumza na mtambo wake. Ukishanunua mnara wa fulani, umejifunga kununua redio za fulani huyohuyo mpaka mnara uote kutu, na bei anapanga yeye.

Waingereza walilishtukia hilo mapema. Januari 1988 wizara yao ya biashara na viwanda ilichapisha waraka ulioitwa MPT 1327. Ulieleza hatua kwa hatua namna redio inavyojitambulisha kwa mtambo, namna inavyoomba chaneli na namna inavyopewa. Mtengenezaji yeyote aliruhusiwa kuufuata. Waraka ule ulivuka mipaka ya Uingereza ukaenda kwenye migodi, reli na mashirika ya umeme ya nchi nyingi, na wale wanaojua redio watakwambia kwamba bila huo pengine leo tusingekuwa na hili ninalotaka kulieleza.

Halafu masafa yakaanza kubana. Hewa ni ileile, waombaji wanaongezeka. Marekani, mamlaka ya mawasiliano iliwaamuru watumiaji wa redio za kazi kwenye masafa ya VHF na UHF waache chaneli pana za kilohezi 25 na kuhamia za kilohezi 12.5, na siku ya mwisho ikawa tarehe 1 Januari 2013. Ulaya nako kilio kilikuwa kilekile. Ukishaikata chaneli nusu, analojia haina tena cha kukupa. Hapo ndipo dijitali inapoingia.

Kuna taasisi inaitwa ETSI, iliyoanzishwa mwaka 1988, makao yake yako Sophia Antipolis, kusini mwa Ufaransa. Kazi yake ni kuandika viwango vya mawasiliano. GSM, ile iliyotuletea simu za kwanza za laini mifukoni mwetu, ilikuzwa hapo. Mwaka 2005 ETSI ilichapisha kiwango chenye namba TS 102 361, kinachojulikana kwa herufi tatu, DMR, yaani redio ya mkononi ya kidijitali kwa watu wa kazi. Kimegawanywa sehemu nne: mawimbi yenyewe, huduma za sauti, data, na mfumo wa kugawana chaneli, ule ambao misingi yake ilifuata nyayo za MPT 1327. Na hapa sikiliza vizuri: waraka huo hauuzwi. Mwanafunzi wa chuo cha ufundi Arusha mwenye intaneti anaweza kuupakua usiku huu bila kulipa senti, akausoma mpaka asubuhi.

Akiusoma atakuta nini? Atakuta ufundi mmoja uliotulia sana. Umeshawahi kuona kina mama wawili wakitwanga kinu kimoja. Mchi wa huyu unaposhuka, wa mwenziwe unapanda. Hawagongani, na nafaka inasagika kwa muda nusu. DMR inafanya hivyo kwenye chaneli moja ya kilohezi 12.5. Mazungumzo mawili yanapokezana, kila moja likipewa zamu ya milisekunde 30. Redio inakusanya sauti yako ya milisekunde 60, inaibana, inairusha ndani ya zamu yake, kisha inanyamaza kumpisha mwenzake. Sikio la binadamu haling'amui chochote. Kwa hiyo mahali palipokuwa na mazungumzo mamoja kwenye chaneli ya kilohezi 25, chaneli mbili za nusu nusu zinabeba mazungumzo manne. Betri nayo inapumua, maana redio inarusha mawimbi nusu ya muda tu. Na katika ile nusu ya ukimya, redio inaweza kutega sikio, ikaambiwa na mtambo: nyamaza, kuna mwenye dharura.

Waraka hauachi kitu kwa kubahatisha. Kila furushi linalorushwa lina biti 264. Kati ya hizo, 48 za katikati ni za salamu, za kumwambia anayepokea hapa ndipo katikati na hili ni furushi la aina gani. 216 zinazobaki ndizo mzigo. Kuna kitu kinaitwa msimbo wa rangi, ambao hauna rangi yoyote, ni namba tu kuanzia 0 hadi 15, ili ripita (mtambo unaopokea mawimbi na kuyarusha tena) ya Moshi na ripita ya mji jirani zikipewa masafa yaleyale, redio isichanganye sauti za huku na za kule. Kuna namba za utambulisho za redio, zinazozidi milioni 16. Yote hayo yamepangwa, yamechapishwa, na anayetengeneza redio Shenzhen, China, anasoma ukurasa uleule anaousoma anayetengeneza Christchurch, New Zealand.

Kiwango kina madaraja matatu. La kwanza ni la redio ndogo za nguvu hafifu zisizohitaji leseni, Ulaya zinatumia megahezi 446. La pili ndilo la kazi za kawaida, redio zenye leseni zinazopitia ripita. La tatu ni la mifumo mikubwa ya kugawana chaneli. Ukiona hoteli au kiwanda wanatumia DMR, mara nyingi ni daraja la pili.

Kuandika kiwango ni jambo moja, kukifuata ni jingine, kwa sababu wahandisi wawili wanaweza kusoma sentensi moja wakaielewa mbili. Ndiyo maana watengenezaji wenyewe waliunda umoja wao, DMR Association, ambao kazi yake kubwa ni kuwakutanisha washindani chumba kimoja. Huyu analeta mtambo, yule analeta redio, wanajaribu wito wa kundi, wito wa mtu mmoja, ujumbe, wito wa dharura, na matokeo yanaandikwa kwenye cheti kinachotaja vitu vyote vilivyofaulu na ambavyo havikujaribiwa. Nawaomba wanaonunua redio kwa fedha za umma wakumbuke cheti hicho. Nitakirudia.

Faida ya uwazi huu unaiona mahali ambapo hukutarajia. Wapenzi wa redio, wale wanaorusha mawimbi kwa leseni ya kujifunza na kujifurahisha, hawakuwa kwenye hesabu za walioandika DMR. Lakini kwa kuwa waraka uko mezani, Mwingereza Jonathan Naylor aliandika programu ya MMDVM, inayogeuza kompyuta ndogo ya bei nafuu pamoja na kibao kidogo cha redio kuwa ripita ya DMR. Leo mtu akiwa na redio ya mkononi ya Kichina ya bei ya chini anazungumza na mwenzake wa bara jingine kupitia mtandao waliouunda wenyewe kwa wenyewe. Hawakuhitaji kuomba siri kwa mtu.

Faida nyingine ilijitokeza Aprili 2024, na kwa njia ya ugomvi. Ili uielewe lazima nirudi nyuma kidogo. Hytera ni kampuni ya Shenzhen, mmoja wa wauzaji wakubwa wa redio za DMR duniani. Machi 2017 Motorola Solutions iliishtaki huko Chicago. Ilidai kwamba mwaka 2008 wahandisi wake waliokuwa ofisi ya Malaysia walihamia Hytera wakiwa wamebeba maelfu ya mafaili, pamoja na msimbo chanzo wa redio. Februari 2020 baraza la wazee wa mahakama lilikubaliana na Motorola na kuitoza Hytera dola milioni 764.6, kiasi ambacho baadaye kilipunguzwa. Januari 2025, katika kesi ya jinai juu ya mambo hayohayo, Hytera ikakiri kosa.

Utauliza: kama kiwango kiko wazi na hakiuzwi, kuna cha kuiba? Kipo, na kingi. Kiwango kinasema kitu gani kiende hewani, biti ipi ikae wapi, jibu lije baada ya muda gani. Hakisemi uandikeje programu itakayofanya hivyo bila kukwama, betri isife saa sita mchana, redio ishike mawimbi dhaifu nyuma ya ghala la saruji. Huo ni ufundi wa miaka, na ni mali ya aliyeutolea jasho. Hataza nazo zipo. ETSI inawataka wanachama wake waziseme wazi hataza zinazogusa kiwango na wawe tayari kuzikodisha kwa masharti ya haki, ya kadiri na yasiyobagua. Kwa hiyo uwazi haukuondoa umiliki. Ulichofanya ni kuhakikisha hakuna anayeumiliki mlango wa kuingilia sokoni.

Sasa, Aprili ile ya 2024 jaji wa Marekani, katika mvutano uliozaliwa na kesi hiyohiyo, aliipiga Hytera marufuku kuuza redio popote duniani. Katazo lilisimamishwa na mahakama ya rufaa baada ya wiki mbili hivi. Lakini fikiria zile wiki mbili ukiwa msimamizi wa mgodi wenye redio mia tano za kampuni hiyo, na hamsini zimeharibika. Kama mfumo wako ungekuwa wa lugha ya siri ya mtengenezaji mmoja, ungekaa ukisubiri mawakili wa Chicago. Kama ni DMR ya daraja la pili iliyopangwa kwa kufuata kiwango, unanunua hamsini za Kenwood au za Motorola yenyewe, unaziwekea masafa, msimbo wa rangi na namba za makundi, na zamu ya jioni inaingia kazini ikiongea. Kwa maoni yangu hakuna hoja inayozidi hiyo kuhusu viwango vya wazi. Bei ya chini ni nzuri, lakini kutokuwa mateka wa kesi ya mtu mwingine ni bora zaidi.

Hata hivyo nilisema zamu ya jioni itaongea. Sikusema kila kitu kitafanya kazi.

Tuanze na sauti yenyewe. Kabla sauti haijarushwa lazima ibanwe na kitu kinachoitwa kodeki. Kiwango cha DMR kimetenga nafasi ya biti za sauti, lakini chenyewe hakikutaja kodeki ipi itumike. Watengenezaji walikubaliana pembeni, kupitia umoja wao, watumie moja inaitwa AMBE+2, mali ya kampuni ya Kimarekani ya DVSI iliyoko Massachusetts. Inaibana sauti mpaka biti 2,450 kwa sekunde, kisha inaongezewa biti za kinga dhidi ya kelele na makosa hadi kufika 3,600. Ni kazi ya ustadi, sikatai. Lakini mwanafunzi wetu wa Arusha, aliyepakua waraka wote bila kulipa, akifika kwenye sauti anakuta kibanda cha ushuru. Ile programu ya MMDVM niliyoitaja inakwepa ushuru huo kwa werevu: haifungui sauti, inapokea biti na kuzipitisha kama zilivyo, kufungua ni kazi ya redio ya mwisho. Wachina nao, walipotaka mfumo wa redio wa polisi wao, walichukua misingi ya DMR, wakatia kodeki yao na usimbaji wao, yaani njia yao ya kuficha mazungumzo, wakauita PDT. Na wapenzi wa redio waliochoshwa na kibanda hicho walianza njia yao: Mwaustralia David Rowe aliandika Codec 2, kodeki ya sauti ambayo msimbo wake uko wazi kwa yeyote, na juu yake Wapolandi wakaanzisha mradi wa M17, redio ya dijitali isiyo na kipande hata kimoja cha siri. Bado ni ya wapenzi tu. Sijaiona kiunoni mwa mlinzi.

Baada ya sauti yanafuata madoido. Muuzaji atakuja na brosha: redio itaonyesha mahali askari alipo kwenye ramani, ripita kumi zitaunganishwa kwa intaneti, mazungumzo yatafichwa. Yote ni kweli. Tatizo ni kwamba mengi ya hayo yako nje ya yale yaliyoandikwa na kupimwa. Kuunganisha ripita na ripita kupitia intaneti, kila kampuni ina njia yake. Mfumo wa Capacity Plus wa Motorola, kwa mfano, unagawa chaneli kwa ustadi, lakini ni wa Motorola, si wa daraja la tatu la kiwango. Ujumbe wa mahali alipo mtu nao una lahaja zake. Redio ya kampuni moja inaweza kusema niko mlima fulani na kompyuta ya kampuni nyingine isielewe hata neno. Mnunuzi anaona nembo ya DMR juu ya boksi anadhani amenunua uhuru, na kumbe kila kitufe cha ziada alichokipenda ni kamba nyingine mguuni. Sisemi asinunue. Nasema ajue.

Na kufichwa kwa mazungumzo ni mkasa unaojitegemea. Hapa nitahama DMR niende kwa ndugu yake mkubwa, TETRA, kiwango kingine cha ETSI kilichoanza mwaka 1995. Huyu ndiye wa polisi, magari ya wagonjwa, viwanja vya ndege. Chaneli yake ni ya kilohezi 25 na inabeba mazungumzo manne kwa zamu, na kodeki yake, tofauti na DMR, imeandikwa ndani ya kiwango chenyewe. Kwa upande huo TETRA ni wazi zaidi. Lakini algoriti zake za kuficha mazungumzo, zilizopewa majina TEA1 hadi TEA4, zilikuwa siri. Ulizipata kwa mkataba wa kunyamaza. Waliozitetea walisema usiri unaongeza usalama.

Wataalamu wa kampuni ndogo ya Uholanzi iitwayo Midnight Blue hawakuridhika. Walinunua redio ya TETRA kwenye soko la mtandaoni, wakaichokonoa mpaka wakazitoa algoriti zile ndani yake, na Julai 2023 wakatangaza walichokiona. TEA1 ilitangazwa kuwa na ufunguo wa biti 80. Ndani yake kulikuwa na hatua inayoupunguza ufunguo huo mpaka biti 32. Kwa kompyuta ya leo hiyo ni kazi ya chini ya dakika moja. ETSI ilikataa kuuita huo mlango wa nyuma. Ilisema algoriti ililazimika kufuata sheria za kuuza teknolojia za usimbaji nje ya nchi.

Hapo mimi huwa nasita. Nje ya nchi ni wapi? TEA2 ilikuwa ya polisi na majeshi ya Ulaya, na wachunguzi hawakuikuta na udhaifu huo. TEA1 ilikuwa ya kuuzwa kwa wengine, na ya matumizi ya kibiashara. Kwa maneno mengine, wenye waraka walijua tofauti, na wanunuzi wa mbali hawakuwa na njia ya kujua, kwa kuwa sehemu pekee iliyofungwa ndiyo sehemu iliyokuwa na kasoro. Kama algoriti ingechapishwa mwaka 1995 pamoja na mengine, profesa mmoja na wanafunzi wake wangeiona mapema sana. Mwishoni mwa 2023, baada ya kelele zote zile, ETSI iliamua kuzichapisha algoriti zote za TETRA, na mpya na za zamani. Uamuzi mzuri. Umechelewa, ila mzuri.

Kuna mtego wa mwisho, ambao hauna uhusiano na biti hata kidogo. Uingereza, nchi ileile iliyotupa MPT 1327, polisi, zimamoto na magari yake ya wagonjwa yanatumia mtandao wa TETRA unaoitwa Airwave. Kiwango kiko wazi, redio zinatoka kwa watengenezaji mbalimbali. Ila mtandao wenyewe, minara na mitambo, una mwenyewe mmoja, na Februari 2016 Motorola ikaununua. Serikali ilikuwa na mpango wa kuuzima na kuhamia mtandao mpya wa kizazi cha 4G, ambao Motorola nayo ilikuwa mmoja wa wajenzi wake. Mtandao mpya ukachelewa mwaka baada ya mwaka, na kila mwaka wa kuchelewa ukawa mwaka mwingine wa kulipia wa zamani. Aprili 2023 mamlaka ya ushindani ya Uingereza ilihitimisha kwamba bei zilikuwa juu kupita haki, ikaweka ukomo wa tozo kuanzia Agosti mwaka huo, wa kuokoa karibu pauni milioni 200 kwa mwaka. Motorola ilikata rufaa, ikashindwa. Unaweza kuwa na kiwango kilicho wazi mpaka ukurasa wa mwisho, na bado ukakuta huna pa kwenda, kwa sababu hakuna mtu mwingine aliyejenga minara.

Nalitaja hilo kwa makusudi, kwa kuwa safari inaelekea huko. Shirika la 3GPP, linaloandika viwango vya 4G na 5G, liliweka wito wa kubonyeza kitufe na kuzungumza ndani ya toleo lake la 13, mwaka 2016. Wauzaji watakuja na kusema minara ya redio ni mambo ya kale, hamieni kwenye simu. Kwa baadhi ya kazi wana haki, hasa pale mnapohitaji picha na video. Kwa mlinzi wa getini na nahodha wa tagi bandarini, DMR itadumu bado. Kwa vyovyote vile, maswali ya kuuliza hayabadiliki.

Huku kwetu, masafa ya kazi unayaomba TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ukiwa Tanzania, au Mamlaka ya Mawasiliano ukiwa Kenya, na vifaa lazima viidhinishwe. Sehemu hiyo ina utaratibu. Sehemu isiyo na utaratibu ni kile kikao cha zabuni, ambapo kwenye karatasi imeandikwa tu redio za dijitali za DMR, idadi kadhaa, na mnunuzi anaangalia bei. Mimi ningeongeza mistari michache. Ningedai cheti cha majaribio cha mfumo huo, na kisomwe, pamoja na vile vitu ambavyo havikujaribiwa. Ningedai ufunguo wa programu ya kuzipanga redio ubaki kwa mwenye redio, asije akaambiwa miaka miwili baadaye kwamba kubadili chaneli moja lazima fundi apande ndege kutoka ng'ambo. Usimbaji uwe wa algoriti iliyochapishwa, AES kwa mfano, na funguo atunze mnunuzi. Kila huduma iliyo nje ya kiwango itajwe kwa jina, na bei yake iandikwe kando.

Na siku ya makabidhiano ningeleta redio mbili za DMR za kampuni nyingine, zilizonunuliwa dukani, si zilizoletwa na muuzaji. Fundi aziwekee masafa na namba mbele ya kamati. Mmoja wa wajumbe aende nayo mpaka mwisho wa eneo, nyuma ya ghala kabisa, abonyeze, aseme. Wajaribu wito wa kundi, wa mtu mmoja, ujumbe, kitufe chekundu cha dharura, kisha wawashe usimbaji na kurudia yote tangu mwanzo. Kila kilichokataa kiandikwe kwenye hati kabla ya mtu yeyote kutia sahihi.